Shikamoo, Mama

Alipong'oa mvi ya arobaini na moja aliacha kuhesabu. Angezing'oa zote angebaki na upara, na upara wenyewe ulikwishaanza upande wa kushoto, juu ya sikio.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwaka uliopita tu alikuwa msusi wa kugombewa pale saluni. Wateja walikuwa radhi kusubiri tangu asubuhi hadi saa tisa ili kichwa chao kishikwe na yeye, si mwingine. Kisha akajifungua. Damu ilimtoka nusura imwishe, akalazwa siku kumi na moja, na aliporudi nyumbani na binti yake mikononi, uzee ukaingia nyuma yake bila hata kupiga hodi. Mashavu yalinywea. Ngozi ya shingo ikalegea. Jino la mbele likang'oka kwenye kipande cha mkate, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana mafungu kwa mafungu.

"Vipimo viko sawa," daktari alisema. "Mwili utarudi wenyewe. Upe muda."

Muda aliupa. Mwili haukurudi.

Siku ya kwanza aliporejea kazini, mteja wake wa miaka minne aliketi, akamtazama kwenye kioo, akauliza, "Samahani mama, yule binti anayesuka hapa yuko wapi?" Msusi alicheka, wenzake wakacheka, kisha akaenda chooni akalia. Wiki haikwisha mwenye saluni akamwita pembeni. "Mdogo wangu, kaa nyumbani kwanza. Mtu akija kutengeneza nywele anataka kumwona msusi mwenye nywele."

Kliniki ndiko kulikommaliza. Muuguzi alimpima mtoto, akaandika uzito kwenye kadi, akairudisha bila kuinua macho. "Bibi, siku nyingine mwambie mama yake aje mwenyewe. Huyu bado ananyonya."

Alitaka kujibu. Lakini maziwa yalikuwa yamemlowesha kifuani, na ghafla akaona aibu kuwa na maziwa.

"Sawa," akasema. "Nitamwambia."

Tangu siku hiyo hakumsahihisha mtu. Aliyemwita bibi, alimwitikia. Aliyemwamkia, alimpa marahaba yake, yakaisha.

Alijaribu kila kitu. Piko ya kuficha mvi ilimchoma kichwa hadi kikatoa malengelenge. Wigi lilimfanya afanane na mtu aliyevaa wigi. Alikunywa mafuta ya samaki kwa kijiko huku amebana pua. Asubuhi moja alijikuta amesimama mbele ya kioo cha bafuni na mkasi mkononi, asijue anataka kukata nini.

Aliyemshika asianguke kabisa alikuwa mumewe. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa mashati yaliyonyooka na sauti ya upole, sauti iliyozoea kuwatuliza wanafunzi wanaotetemeka kwenye usukani. Hakuwahi kumcheka. Picha ya harusi aliiteremsha ukutani mwenyewe. "Isije ikawa inakuumiza bure," alisema. Kliniki akaanza kwenda yeye. Kila Jumamosi alimvisha mtoto, akampeleka bustanini ili mama yake apate kulala. Wageni aliwaomba waje siku nyingine.

"Watu hawakusemi, mwanamume kuzunguka na mtoto peke yako?" alimuuliza siku moja.

"Waniseme kwa lipi? Wananionea huruma tu. Wauguzi wananipitisha mbele ya foleni."

"Na wewe? Unanionaje?"

Alimshika kidevu. "Namwona mke wangu. Usitoke kwenda kujitesa huko. Mambo ya nje niachie mimi."

Alilia kifuani pake siku hiyo, akamshukuru Mungu kwamba kati ya macho yote yaliyompita, mawili bado yanamwona.

Jumamosi iliyofuata mtoto aliamka na mafua, kwa hiyo mume akaondoka peke yake, akisema badala ya bustanini atapitia kazini. Saa nane mchana mlango ukabishwa. Alisita. Ukabishwa tena. Akajifunga kitambaa kichwani, akamweka mtoto begani, akafungua.

Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na tatu. Nywele zake zilisukwa mistari myembamba iliyonyooka hadi mgongoni. Msusi aliiona kazi hiyo nzuri kabla hajauona uso. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa na chupa ya dawa ya mafua. Alikunja goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu kwa mazoea.

Kabla hajauliza mgeni ni nani, mtoto aliinua kichwa, akacheka, akanyoosha mikono yote miwili. Mtoto huyu hakuwa wa kwenda kwa mtu asiyemjua. Lakini msichana alimpokea, akamfuta kamasi kwa leso yake, akambusu utosini, naye akatulia tuli.

"Nisamehe mama kwa kuja bila taarifa," msichana alisema. "Alinikataza nisije mpaka anitambulishe rasmi, ila nyumba aliwahi kunionyesha tukipita na gari. Asubuhi aliponiambia mtoto anaumwa, nikashindwa kukaa."

Alimtazama kwa heshima, macho yakianza kulengwa na machozi.

"Mwanao amenisimulia yote. Jinsi mkewe alivyofariki akijifungua, na wewe, kwa umri huu, ukaacha kila kitu uje kulea mjukuu. Sasa basi, mama. Tukishafunga ndoa mwezi ujao, huyu nitamlea mimi."