Mfuasi Asiye na Sura

"Na huyu naye atoke," alisema binti, kidole kikiwa tayari juu ya simu.

"Huyo mwache," alijibu shangazi yake, pini mdomoni.

Tangu asubuhi binti alikuwa akifagia wafuasi bandia kwenye ukurasa wa duka la Shangazi, fundi cherehani. Alishawatoa warembo wa picha za kuazima, ndugu kumi wenye pua moja, na jenerali mjane aliyetafuta mke kila Jumatatu. Alibaki huyu.

"Tazama, Shangazi. Hana picha. Hajawahi kuandika neno. Jina lake kama namba ya gari. Dunia nzima anafuata ukurasa wako tu, na ukiweka nguo mpya, hujavuta pumzi keshaipenda. Huyo si mtu, ni mashine."

"Basi ni mashine yenye macho. Wapo binadamu hawana."

Binti hakucheka. Kesho yake meneja wa hoteli angekuja kuchagua nani awashonee wahudumu wake wa kiume makoti: Shangazi, au Bwana Mitindo wa duka la ng'ambo ya barabara. Kazi hiyo ikimponyoka Shangazi, duka lingefungwa. Mwenye nyumba alishaanza kuwaonyesha watu wengine chumba. Na meneja, ilisemekana, hupekua kurasa za mafundi. Akinusa wafuasi wa kununua, anageuza gari.

"Atasema umemnunua."

"Aseme."

"Ukose kazi kwa sababu ya kusifiwa na mashine?"

"Nimeanza kushona simu haijazaliwa, mwanangu. Sijawahi kumfukuza mtu anayechungulia dirishani kwangu, nianze leo?"

Akalisimamisha koti la mfano mbele ya kioo kirefu cha wateja, akaligeuzia mgongo, akapiga picha ya lile lililoonekana kwenye kioo.

"Angalau upige koti lenyewe," binti alilalamika. "Kila siku kioo, kioo."

"Upande huu una mwanga."

Akaituma. Kabla hajaiweka simu chini, moyo mwekundu ukachomoza. Yule asiye na sura.

"Umeona? Hachelewi kazini huyu."

Jioni nzima cherehani za ng'ambo zilinguruma kama zinapanda mlima.

Asubuhi meneja alifika na mhudumu mrefu wa kujaribishia. Koti la Shangazi lilimkaa kama amezaliwa nalo. Meneja akafungua ukurasa wa Shangazi kwenye simu yake, akauteremsha, akasita.

"Huyu asiye na picha ni nani?"

"Shabiki wangu mkubwa," alisema Shangazi bila kupepesa jicho.

Meneja akakunja uso, akavuka barabara. Binti akajiegemeza ukutani.

Ng'ambo, Bwana Mitindo alimvika mhudumu koti lake kwa mbwembwe zote. Kola ile ile, utepe ule ule, hata ule mshono mdogo wa kiwikoni ambao Shangazi aliubuni mwenyewe. Mhudumu akaanza kufunga vifungo, vidole vikagongana. Vifungo vilikuwa upande wa kike. Akataka kuchomeka kalamu kifuani, upande wa moyo, akapapasa kitambaa kitupu. Mfuko ulikuwa kulia, kama kwenye picha ya kioo.

Meneja aliligeuza koti, akaligeuza tena, kisha akatazama upande wa duka la Shangazi.

Shangazi, mlangoni kwake, akatoa pini mdomoni.

"Haya, mwanangu. Sasa mfute."