Harusi ya Odile

"Shoga, umeiba mume wa nani hata unaviziwa hivyo?"

Ndivyo Mama Gaudin, jirani, alivyomuuliza Zélie dirishani huku akicheka. Zélie hakucheka. Yule mwanamume mwenye koti jeusi alikuwa amesimama tena ng'ambo ya barabara, mkono mfukoni.

Jumapili alimwona mlangoni pa kanisa. Juzi, kwenye duka la mikate. Macho mekundu, kama ya mtu asiyejua usingizi.

Watu wa mji wa Angers walimjua Zélie kidogo tu, kwa maandishi yake: tamthilia mbili zilizozomewa, na hadithi ya mapenzi iliyotoka gazetini kila Jumamosi, chini ya ukurasa. Gazeti lilipotangaza kwamba Jumamosi hii Odile, msichana wa hadithi hiyo, anaolewa, na hadithi inakwisha, ndipo mtu huyo alipozuka.

Alasiri hiyo Zélie alikuwa akikausha wino wa sura ya harusi. Mlango ukafunguliwa bila kugongwa, akaingia yule mwanamume.

"Wewe ndiye unayemwoza Odile?"

"Ni mimi, bwana."

"Usimwoze."

Alinuka kafuri. Zélie alirudi nyuma mpaka sketi yake ikagusa jiko la kuni. Ni mwendawazimu, aliwaza. Amempenda mwanamke wa karatasi, sasa amepandwa na wivu. Mkono ukatoka mfukoni. Chuma kikameta: mkasi mrefu.

Akaanza Salamu Maria moyoni, akapotea katikati.

"Mama, nakuomba. Mcheleweshe huyo bwana harusi. Avunjike mguu. Lolote."

"Bwana, hii ni hadithi tu."

"Kwako."

Akautua mkasi mezani, akatoa na bunda la vipande vya gazeti, vimekatwa sawasawa, vimeshonwa kwa uzi mweupe.

"Namkatia mke wangu, namsomea kitandani. Daktari alisema hataiona Pasaka. Yeye akaniambia, 'Firmin, mimi sifi kabla Odile hajaolewa.' Pasaka imepita zamani, mama, watu wanavuna zabibu, naye kila siku ananiuliza Jumamosi lini."

Zélie alizikusanya karatasi za harusi, akazitia jikoni, moto ukazila. Akachovya kalamu. Akaandika: Kengele zililia, watu wakageuka, bwana harusi hakuonekana.

Firmin alisoma juu ya bega lake. Akachukua mkasi wake, akavaa kofia, akatoka.