Hodi ya Tatu

Kama mzee wa chumba cha mwisho katika nyumba ile ya wazee ughaibuni angekataa tena kuogeshwa, Mwanashuru angefukuzwa kazi na kurudishwa kwao.

“Sukuma mlango uingie, bibie,” alisema msimamizi. “Huku kwetu hatubembelezani.”

Mwanashuru alitua beseni la maji. Wenzake waliingia vivyo hivyo, mzee akawamwagia maji, wakatoka wamelowa chapachapa. Kwao Mwanashuru, hata mkwe havuki kizingiti kabla hajakaribishwa.

“Hodi!” aliita kwa lugha yake.

Alingoja kidogo, akaita tena.

“Hodi!”

“Lugha yenu haijui huyo!” msimamizi alicheka.

“Adabu anaijua, bosi.”

Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka zake. Mwanashuru alivuta pumzi, akasimama wima.

“Hodi!”

Ndani kitanda kililia, kisha ndara zikaanza kuburuzika sakafuni, taratibu, zikiujia mlango.