Kitambaa cha Kunenepea

Bi Zamda alikonda mpaka gauni lake la kijani likawa linamvaa yeye. Kesho asubuhi angepasuliwa tumbo hospitalini. Leo alimtaka fundi Kibwana alipunguze.

"Kinachozidi ndani ukate chote. Nitanenepea wapi mimi?"

Fundi alitema pini kiganjani. "Sikati! Mie kuishi naona ndiko huko, dada: kuacha kitambaa cha kunenepea. Pilau yangu ya Idi hujaila, wewe."

"Na nisiporudi?"

Fundi aliuchukua mkasi mezani. Akamkabidhi mkasi. "Basi kata mwenyewe."

Bi Zamda aliutazama mstari wa chaki kwenye mshono. Akaurudisha mkasi mezani.

"Acha vidole viwili," alinong'ona, akivionyesha.

Fundi alipoinamia cherehani, kidole cha tatu cha Bi Zamda kikanyanyuka.