Mate ya Baraka

Tangu upandaji wa mbegu upigwe marufuku, kila nyumba hupewa chupa moja yenye mche wa parachichi, uliokuzwa maabara kutoka kipande cha jani. Mche ukioza, nyumba hiyo haionji tena parachichi.

Asubuhi Bibi Ndelilio aliona utando mweupe umeuzunguka mche wao.

"Mama, ulifungua chupa?" aliuliza Eliaichi, mke wa mwanawe.

"Kidogo tu. Niliutemea mate ya baraka, kama nilivyomtemea mumeo alipozaliwa."

"Mate yana vijidudu, mama."

"Mbona mumeo hakuota ukungu?"

Eliaichi hakucheka. Aliutazama ule weupe, kisha taratibu akalifunika tumbo lake la ujauzito kwa mikono miwili.

"Huyu naye," alisema, "naomba usimtemee."

Bibi Ndelilio akameza mate.