Swali la Mzee Mushumbusi

Katika kuwasomea Biblia, Adventina alikuwa amefika pale Mfalme Ahabu anapolitwaa shamba la Naboti, mzee Mushumbusi alipoinua mkono.

"Samahani, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Na Mungu je? Hapo anaonekana yukoje?"

Wanawake waliokaa mkekani wakainamisha nyuso. Adventina akafunga Biblia kwa kishindo, akasema wangeendelea Jumatano, kisha akashika jembe kwenda kupalilia maharage ambayo hayakuwa na gugu hata moja.

Habari za Naboti nani angemfundisha yeye? Mumewe alipofariki kule Nshambya na kumwachia mabinti tu, bila mtoto wa kiume, shemeji yake Buberwa alitwaa kibanja chote, migomba na mibuni, kwa kuwa ndivyo mila ilivyotaka. Wazee wa ukoo walikunywa pombe ya ndizi, wakaafiki. Adventina akajikuta barabarani na masanduku yake. Serikali ilipotangaza kijiji kipya cha ujamaa nje ya Muleba, kwenye rweya, ile nyika ya majani isiyo na mgomba hata mmoja, na kwamba mjane naye angepewa kiwanja kwa jina lake, yeye alikuwa wa kwanza kupanda lori.

Huko walikutana watu wa kila kona, hakuna aliyejua asili ya mwenzake. Walutheri walikuwa wachache, na kanisa halikuwapo. Mchungaji Nathanieli wa Muleba alikuwa na vijiji vingi kuliko nguvu za baiskeli yake, basi akamkabidhi Adventina kikundi cha kusoma Neno, kwa kuwa alisoma shule ya misheni. Wapo walionung'unika kwamba kazi hiyo si ya mwanamke. Mchungaji akawatuliza kwa kuahidi kwamba atamtuma mzee mmoja wa kanisa, aje kimyakimya aone anavyoongoza.

Wiki hiyohiyo mzee Mushumbusi akatokea.

Adventina hakuona haja ya kumwuliza alikotoka. Mzee alifika kabla ya wengine, akakaa mbele kabisa. Biblia hakubeba, bila shaka aliijua yote kwa moyo. Wenzake wakiimba, yeye alifunga mdomo akasikiliza, kama mwalimu anayekagua kwaya. Hata kwenye Sala ya Bwana midomo yake haikutikisika. Alikuwa akitazama nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine.

Na swali lake halikubadilika. Waliposoma habari za Kaini, Adventina alieleza jinsi damu moja inavyoweza kukugeuka, akamtaja Buberwa. Mzee akauliza: na Mungu je? Wakasoma zaburi, Adventina akawaonyesha kwamba wale maadui wa Daudi wapo hadi leo, na mmoja anaishi Nshambya katika nyumba ya bati isiyo yake. Mzee akauliza tena. Kwa Yezebeli Adventina alimkuta mke wa Buberwa mzimamzima, hadi na mwendo wake. Wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mzee hakucheka.

Adventina alijaribu kumridhisha. Alichagua mwanzo kabisa wa Biblia, mahali ambapo watu bado hawajaumbwa, akasema leo mzee atakosa la kuuliza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nyoka alipoingia bustanini. Adventina alijisikia mwenyewe akianza kueleza nyoka huyo ni wa ukoo gani, na mkono wa mzee ukapanda.

"Anataka nini kwangu?" alimwuliza jirani yake Klaudia, Mkatoliki aliyekuja kuomba moto. "Yeye hajanyang'anywa kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Klaudia akasema labda amjibu tu, yaishe.

"Nimjibu nini? Jibu analo. Ananitega."

Tangu hapo kila aliposhika Biblia aliutazama kwanza mkono wa mzee. Alilala na hasira, akaamka nayo. Kibanja alikwishanyang'anywa, na sasa hata Neno, kitu pekee kilichomfariji, lilikuwa linanyang'anywa kidogokidogo na mzee mpole mwenye kofia iliyochakaa.

Mchungaji Nathanieli alifika Jumatano baada ya mvua, baiskeli yake imejaa tope. Kikundi kizima kilikuwa kimekaa. Adventina hakungoja hata salamu ziishe.

"Mchungaji, kama huniamini, nivue kazi hii leo, mbele yao. Lakini mzee wako mwondoe. Tangu umtume sijamaliza somo hata moja."

Mchungaji akamtazama kwa mshangao. "Mzee yupi? Niliyetaka kumtuma aliugua, mpaka leo yuko kitandani Muleba. Huyu mimi simjui."

Watu wote wakageuka. Mzee Mushumbusi akainuka taratibu, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Hakuna aliyenituma, waitu. Mimi hata kubatizwa sijabatizwa. Kwetu tulitambikia wazee wetu, basi. Nikasikia kwamba hapa panasomwa habari za Mungu, nikaja nimjue."

Kisha akamgeukia Adventina, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Buberwa sasa namjua vizuri, mwanangu. Huyo mwingine ndiye bado."