Nyumba Iliyosemea Kaunti

Siku hizo watu hawakupiga kura tena. Serikali ilichagua nyumba moja iliyofikiri kama wananchi wengi wa kaunti, ikasikiliza mazungumzo yake ya mezani, na lililosemwa humo ndilo lililotekelezwa kwanza. Mwaka ule ilichaguliwa nyumba ya Mkamburi, fundi cherehani wa Wundanyi.

Mkamburi alisema wajawazito wanateseka kwa kukosa zahanati. Kabla ya mvua za vuli zahanati ilifunguliwa, na mtoto wa kwanza kuzaliwa pale akapewa jina lake. Mkamburi alirudi kutoka kumwona mtoto huyo akitembea kifua mbele, majirani wakimpigia vigelegele.

Jioni alimwambia mumewe, Mwandawiro, "Baba Wakesho, leo tuseme habari za maji."

"Sema wewe. Juzi nilitaja barabara, wakaja watu kunililia nyumba zao zisibomolewe."

"Lakini zahanati tumeileta sisi."

"Tumeileta, na mimi najivunia."

"Haya, nikupikie nini?"

Mwandawiro alikitazama kinasa sauti cha serikali kilichotundikwa ukutani.

"Wengi wanapenda nini?" aliuliza.